Kaburi Lisilo na Mzizi

Sufuria ilimponyoka Luseane mchana kweupe, mbele ya chama kizima, na ndani yake mlikuwa na uji wote wa muhogo wa kugandishia magome. Ulikuwa uji mzuri, umeiva nusu, umepepewa mpaka ukapoa. Ukamwagika juu ya mkeka, ukatambaa hadi kwenye vidole vya Mama Lesieli, mwenyekiti wa chama, na mbwa wawili waliokuwa wamejilalia chini ya ukumbi wakaamka kama walioitwa kwa majina yao.

"Tokeni! Tokeni hapa!" Mama Lesieli aliwafukuza kwa kandambili. Kisha akamgeukia Luseane. "Mwenzangu, na hii nayo?"

Luseane alikuwa amelishika bega lake la kushoto kwa mkono wa kulia, macho ameyafumba. Hakulia. Alisubiri tu, kama mtu wa kando ya barabara anayesubiri lori lipite ndipo avuke.

"Nisamehe, mama. Nitapika mwingine."

"Kwa mkono upi?" aliuliza mwanamke mmoja wa upande wa nyuma, na wenziwe wakacheka kwa puani.

"Bega lile lina akili," akadakia mwingine. "Likiona kazi linauma. Likiona sahani ya nguruwe limepona."

Hapo walicheka wazi. Hata Luseane alitabasamu kidogo, maana asiyecheka utani wa chama huonekana ana kiburi. Lakini aliinama kuuzoa uji kwa mkono mmoja, na kila alipouzoa ulimtoka katikati ya vidole.

Ilikuwa Jumanne. Jumamosi, Vasiti, binti yake pekee, angeolewa na kijana wa Auckland, na kijiji kizima kilikuwa hakikai. Nguruwe walikuwa wamekwisha chaguliwa, maskini, nao hawajui. Viazi vikuu vimelala barazani vimepangwa kama watoto wa shule. Ndege ya wakwe ingetua Ijumaa jioni. Kilichobaki ni nguo ndefu ya magome, ngatu yenyewe, ambayo bibi harusi angeikanyaga toka barabarani hadi mlango wa kanisa. Magome yalikuwa yamekwisha pondwa, yamekunjwa, yanangoja ubao wa kugandishia.

Na ubao una sheria yake. Siku ya kugandisha na kupaka rangi, mwenye zamu ndiye anayeketi kichwani mwa ubao, na akishaketi hanyanyuki mpaka kipande cha mwisho kishuke. Akinyanyuka, zamu imempita, na magome yanakunjwa kungoja mwaka mwingine. Bibi harusi hawezi kumketia mama yake, kwani nani amewahi kusikia mtu akijishonea heshima mwenyewe? Shangazi wa bibi harusi naye hawezi. Shangazi ndiye mkubwa wa wote. Huwekewa kiti, hupepewa, hupokea. Hashiki kazi.

"Ijumaa asubuhi," alisema Mama Lesieli akijifuta vidole. "Nakuuliza kwa upendo, Luseane. Utaketi, au nimwambie mke wa mchungaji, anayefuata zamu, aandae magome yake?"

"Nitaketi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Wanawake walitazamana. Vasiti, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, aliona namna walivyotazamana, akaiweka ndoo chini kwa kishindo.

*

Habari ikafika mjini kabla ya uji kukauka. Jumatano asubuhi teksi ilisimama mbele ya nyumba, akashuka Sisilia, dada mkubwa wa Siosaia mume wa Luseane, na mwavuli wake, na kipepeo chake cha ukindu, na sura ya mtu aliyekwisha pata jibu.

Siosaia alikuwa sebuleni akigongelea benchi la wageni. Alipomsikia dada yake kwenye ngazi alichukua nyundo na misumari, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka barazani. Kaka hakai chumba kimoja na dada yake, ndivyo walivyolelewa. Toka barazani aliendelea kugonga, na neno likimhusu angejibu kupitia dirishani.

"Wifi, hebu nionyeshe," alisema Sisilia hata kabla ya kuketi. "Hapa?"

"Hapo hapo."

"Linachoma kama sindano?"

"Kama sindano ya moto."

"Na usiku zaidi?"

"Usiku ndio nyumbani kwake."

Sisilia alipiga paja. "Nilijua! Nimeliwaza njia nzima mpaka dereva kaniuliza kama nasali. Ni mama! Mama anachomwa na mzizi!" Akainua sauti dirishani. "Siosaia! Unasikia? Mvinje ule wa makaburini, ule wenye popo, mama yetu amelala chini yake. Mzizi umempita begani. Tumfukue, tuung'oe, tumpake mafuta, tumlaze vizuri. Mkeo atainua mkono kesho hiyo hiyo!"

Nyundo ilinyamaza. "Mama amelala miaka mingi, dada."

"Ndiyo maana mzizi umefika!"

Kwa kweli hakuna nyumba kijijini isiyo na habari kama hiyo. Yule mzee aliyekuwa hawezi kupiga magoti kanisani, walipomfukua babaye wakakuta mzizi umepenya gotini. Yule mama aliyeumwa kichwa, walikuta jeneza la pili limelalia fuvu la shangazi yake. Maumivu yasiyoisha ni salamu za mtu aliye chini, na aliye juu lazima aende kuitika. Sisilia alizisimulia zote, moja baada ya nyingine, macho yanang'aa, kipepeo kinakwenda mbio, na majirani wakaanza kujaa ngazini kusikiliza.

Vasiti alimsikiliza mpaka akapumua. "Shangazi, mimi nimemwita Nesi Katalina."

"Kwa nini? Nesi ana jembe?"

Watu wa ngazini wakaangua kicheko.

Nesi Katalina alikuja mchana, mwanamke mnene, mwenye kwikwi ya kucheka, mkoba wa kupimia sukari ubavuni. Alimchoma Luseane kidole, akaitazama namba, akafunga midomo. Kisha akaushika mkono wa kushoto kwa adabu, kama mtu ashikaye mtoto wa mwenzake, akauinua taratibu. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma.

"Nywele anakufunga nani?"

"Vasiti."

"Na gauni?"

Vasiti akamjibia: "Mimi. Na akikohoa usiku analia."

"Bega limeganda," alisema nesi. "Wenye sukari linawapata sana. Nyama ya ndani inayolizunguka bega inakakamaa kama ngozi iliyoachwa juani. Miguu nayo, inawaka moto?"

"Inawaka."

"Sukari hiyo hiyo."

"Lakini hospitali walimpiga picha," alisema Sisilia, "wakasema hana kitu. Daktari alimwambia mbele yangu, mama, mfupa wako mzima kabisa, nenda kafanye kazi."

"Picha inaona mfupa, mama. Haioni nyama iliyokakamaa. Wala haimwoni mtu asiyelala." Akamgeukia Luseane. "Vidonge nilivyokupa unameza?"

Nje, jogoo akawika bila saa.

"Vimejaa kwenye kopo la biskuti," alisema Vasiti.

"Mbona humezi, dada Luseane?"

"Sioni hamu."

"Hamu ya vidonge?"

"Ya chochote."

Nesi aliacha kuandika. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu kama aliyefika kwao. "Unalala saa ngapi?"

"Kuna siku nasinzia kengele ya alfajiri ikilia."

"Unalalia upande upi?"

Luseane alijigusa bega la kushoto.

"Bovu hilo hilo? Mbona hulali upande wa pili?"

Luseane aliinamisha uso. Kitanda kilikuwa nyuma yake, na chini ya mto ilichungulia ncha ya mkeka mdogo uliovingirishwa, ule wa kufunga kiunoni wavaao wanafunzi, umefifia rangi. Sisilia aliuona. Akatazama pembeni.

"Maumivu yalianza lini?" nesi aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mwaka ule mipaka ilipofungwa."

Barazani nyundo ilikoma tena, na haikuendelea. Kipepeo cha Sisilia kikaongeza mwendo.

"Yaliyopita yamepita, nesi. Hapa tunazungumza bega."

"Na mimi nazungumza bega, mama," alisema Nesi Katalina. "Mwili hauna vyumba. Sukari ikipanda bega linakakamaa. Bega likiuma mtu halali. Asipolala, huzuni inakua. Huzuni ikikua, hali chakula, hatembei, hamezi dawa, sukari inapanda. Wanazungukana hivyo hivyo kama watoto mchezoni, na kila mmoja anamvuta mwenzake. Maumivu ni ya kweli. Hakuyabuni. Lakini ukimshika mmoja tu, wengine wanaendelea kukimbia."

"Kwa hiyo unakataza tusichimbe?"

Nesi akacheka ile kwikwi yake. "Mimi nikataze? Sisi tulimfukua bibi kwa ajili ya mgongo wa mjomba."

"Mkaukuta mzizi?"

"Tuliukuta."

"Enhe! Akapona?"

"Mgongo ulipona. Akabakiwa na miguu."

Ngazi nzima ikacheka, hata Siosaia huko nje akaguna. Nesi alisimama, akaweka kidonge kwenye kiganja cha Luseane na bilauri ya maji mbele yake. "Chimbeni mkitaka. Ila hiki kimezwe leo. Bega lenyewe litataka miezi, na kuzungushwa kidogo kidogo."

Luseane alikishika kidonge. Nesi alipokwisha kuondoka alikifunga kwenye ncha ya kitambaa chake.

*

Alhamisi, jua lilipokuwa bado linajitafuta nyuma ya minazi, makaburini palikuwa pamejaa. Ofisa wa kijiji alikuwa ametoa ruhusa, akaja na mkewe na thermosi ya chai. Popo walikuwa wanarudi, wanagombea matawi ya mvinje, wanapiga makelele kama soko. Wachimbaji walikuwa vijana wa kilabu cha kunywea kava, wamevua mashati.

"Mimi nasema mzizi mmoja mnene," alisema mmoja.

"Mimi nasema miwili, imesokotana."

"Nguruwe wa Jumamosi, paja langu nakupa kama ni miwili!"

"Paja lako nani analitaka, lina upele!"

Sisilia alikuwa amewekewa kiti chini ya kivuli. Hakukikalia. Alizunguka kaburi akielekeza kwa ncha ya mwavuli: hapa kichwa, hapa miguu, taratibu mchanga mweupe usichanganyike na udongo. Luseane aliketi kwenye mkeka kando, Vasiti ubavuni mwake. Siosaia alisimama mbali, upande wa pili wa ua, kwa sababu ya dada yake.

Mchanga ulipungua. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani, sauti ya kwanza kule, ya pili huku, na majembe yakafuata wimbo. Kisha jembe likagusa ubao mkuukuu, watu wakasogea kwa pamoja, wimbo ukakatika.

"Mikono sasa! Wekeni majembe!" alipiga kelele Sisilia.

Mifupa ya bibi ilitolewa mmoja mmoja, ikapokelewa juu ya kipande cheupe cha ngatu. Sisilia alipiga magoti, akaichukua, akaifuta mchanga, akaipaka mafuta ya nazi yenye maua. Alipokea mguu, akapokea ubavu, huku akisema na mama yake kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Kisha akapewa mfupa wa bega la kushoto.

Aliugeuza. Akaugeuza tena, akauinua juani.

Ulikuwa safi kama kombe lililooshwa na bahari. Hakuna mzizi. Hakuna hata alama.

"Tazameni chini vizuri!"

"Tumetazama, mama. Mchanga mtupu."

"Upande wa mvinje!"

"Mizizi ya mvinje imeelekea kule, kwa jirani."

"Basi jirani ndiye anayeumwa!" alisema kijana wa paja, na kicheko kikapita, kikafa haraka. Palibaki minong'ono. Luseane aliisikia yote, maana anayeumwa masikio yake hufunguka. Kama si mzizi ni nini? Si tulisema, uvivu tu. Maskini Vasiti, atatembea juu ya mchanga mtupu.

Siosaia alikuwa amesogea mpaka kwenye ukingo wa ua. "Mke wangu," alisema. "Sasa tufanyeje?"

Luseane aliinuka kwa kujishikilia begani kwa Vasiti.

"Mfunikeni mama," alisema. "Mama hana neno na mimi. Mmefukua kaburi lisilo lake."

"La nani basi?" aliuliza Sisilia, mfupa bado mkononi.

"Wifi, unamjua."

Sisilia aliushusha mfupa magotini pake.

"Semisi wangu," alisema Luseane. Jina hilo halikuwa limetamkwa hadharani tangu siku walipomzika mwanawe huyo wa kiume Australia, kwenye mji wa mashamba ya zabibu alikokwenda kufanya kazi, trekta lilipompindukia, mwaka ule wa gonjwa la dunia nzima, ambao ndege hazikuruka na maiti hazikusafiri. Wao waliangalia mazishi kwenye simu, picha inaganda, inaachia, inaganda, na ilipoachia mara ya mwisho shimo lilikuwa limejaa. "Kule kwake kuna mti gani? Nani anamng'olea mizizi? Mchanga mweupe wamemwekea, au wamemtupia udongo tu? Mimi sijui! Kila bega likinichoma nasema, ni yeye, mzizi umemfikia, ananiita nikamtolee. Na mimi sina pa kwenda na jembe. Kwa hiyo nameza kidonge cha nini? Nikimeza likanyamaza, nitajuaje kama bado ananiita?"

Vasiti alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anaonana naye.

Sisilia aliuweka mfupa wa mama yake juu ya ngatu, polepole. "Nani alisema tusivae nyeusi?" aliuliza. "Nani alisema tusifungue nywele, tusilie, tungoje mpaka aletwe?"

Shangazi haulizwi, na akiuliza hajibiwi.

"Wewe, shangazi," alisema Vasiti.

Mama Lesieli alivuta pumzi kwa nguvu. Sisilia hakugeuka.

"Mimi," alisema. "Nilidhani nalinda heshima yake. Nikasema msiba bila maiti ni mchezo. Mipaka ikafunguliwa, na mimi nikaona haya kuurudia msiba." Akajifuta uso kwa nyuma ya mkono, mafuta yakambaki shavuni. "Vasiti, kimbia nyumbani. Kalete ule mkeka."

"Upi, shangazi?"

"Ulio chini ya mto wa mama yako! Unadhani sijauona? Nauona kila nikija, nafumba macho. Kimbia!"

Vasiti alikimbia, viatu mkononi, na watoto wote wakamfuata. Aliporudi, mkeka wa Semisi ulikuwa kifuani mwake. Semisi aliuacha siku ya safari, begi lilipokataa kufungika. Nitunzie, mama, alisema, nitaufunga siku ya kurudi. Tangu habari ilipokuja Luseane aliulalia kila usiku, ameukumbatia chini ya bega la kushoto, ukingo wake mgumu umemzama nyamani.

Sisilia aliupokea kwa mikono miwili. Akaupaka mafuta ukingoni, kama alivyoipaka mifupa. Akaukunja ndani ya ngatu ile ile nyeupe, kando ya bega safi la bibi yake Semisi.

"Mama," alisema, "mpokee mjukuu wako. Umechelewa kuletewa. Mizizi ya kule mng'olee wewe, maana huko mlipo hakuna mipaka."

Kisha akaenda nyuma ya Luseane, akachomoa chanuo, akafungua kile kitita cha nywele ambacho mwenyewe hakuweza kukifikia. Nywele zikamwagika mpaka kiunoni, nyingi zimeota mvi. Ndipo Luseane alipolia. Alilia kwa sauti ya kupasua, mwili mzima, akatupa kichwa, na wanawake wote wa chama, hata wale wa kicheko cha puani, wakaipokea sauti yake wakailia naye, sauti ya kwanza na ya pili, kama wimbo. Siosaia aliruka ua. Alikuja akaketi chini, mkewe upande huu, dada yake upande ule, hatua moja tu toka kwake, na hakuondoka.

Kaburi lilifukiwa. Mchanga mweupe ukapangwa na vikokoto vyeusi juu yake. Mama Lesieli ndiye aliyekumbuka kwanza. "Lakini harusi Jumamosi. Msiba umeanza leo. Tutafanyaje?"

Sisilia alijikung'uta magoti, akachukua mwavuli wake. Alikuwa amerudi kuwa yule yule.

"Leo nyeusi. Kesho ubao. Keshokutwa harusi. Shangazi ni mimi, nani atanikatalia?"

"Hakuna, mama!" waliitikia vijana wa kava, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kicheko kilikuwa kizima.

Jioni, mbele ya mumewe, Luseane alifungua ncha ya kitambaa. Kidonge kilikuwa kimelainika kwa jasho. Alikimeza. Alilala chali, mto mtupu, akalala mpaka kengele ikalia, na alipoamka alikuwa ameloana machozi, lakini alikuwa amelala.

*

Bega lilikuwa pale pale.

Alijaribu kuinua mkono alfajiri ile. Ukafika kifuani, ukapanda kama upana wa vidole, ukagoma. Vasiti alikuwa anamtazama kwa tumaini kubwa hata Luseane akamwonea huruma.

"Nesi alisema miezi, mwanangu. Vidonge, kulala, na kuuzungusha kidogo kidogo."

"Lakini leo, mama?"

"Leo nitaketi."

Ukumbi ulikuwa unachemka kama sufuria. Ubao mrefu wenye mgongo umewekwa katikati, michoro imefungwa juu yake, wanawake wamejipanga pande mbili, ndoo za rangi nyekundu ya magome, uji wa muhogo wa kutosha kijiji. Nje moshi wa nguruwe. Mtu alikuwa anapuliza tarumbeta ya bendi ya kanisa akijifanyia mazoezi. Sisilia alikuwa kwenye kiti chake cha mto, anapepewa na wasichana, kama ipasavyo.

Luseane aliketi kichwani mwa ubao. Mama Lesieli akapiga makofi, wimbo ukaanza, na gome la kwanza likatandazwa.

Mwenye kichwa huvuta gome kwa kushoto na kusugua rangi kwa kulia, wakati mmoja, na wote humfuata. Luseane alivuta kwa kulia, akasugua kwa kulia, akavuta, akasugua. Mstari ulikwenda, lakini ulikwenda kwa kuchechemea, na wimbo ukalazimika kumngoja. Gome la chini likaenda kwa urefu, la juu likalazwa kwa mapana, uji katikati, likasuguliwa mpaka yakawa kitu kimoja. Saa zikasogea. Jasho lilimtoka puani. Miguu iliwaka, bega likaanza wimbo wake.

Nusu ya kazi ilipopita gome lilikwama. Alilivuta kwa kulia, halikuja. Akasahau, akapeleka kushoto.

Hakupiga kelele, lakini rangi ilimtoka usoni, na mikono yote ya ubao ikasimama. Goti lake moja likajiinua mkekani. Mke wa mchungaji, ambaye magome yake yalikuwa tayari nyumbani, aliinamisha macho kwa haya ya kutamani.

"Luseane," alisema Mama Lesieli kwa upole. "Si aibu, mwenzangu. Nyanyuka."

Kiti cha mto kikatoa mlio.

Sisilia alikuwa amesimama. Alimpa msichana kipepeo. Akavua viatu vyake vya mjini, akavipanga sambamba, akapandisha sketi, akashuka sakafuni, akatambaa kwa magoti mpaka upande wa kushoto wa Luseane, chini kuliko hata watoto wa chama. Wanawake wote waligeuka kumtazama. Tarumbeta nje ndiyo pekee ilikuwa haijui.

"Shangazi!" alinong'ona Vasiti mlangoni. "Shangazi, mwiko!"

"Sogea, wifi," alisema Sisilia. "Nipe huo mkono nivute mimi."

"Wifi, wewe unapokea."

"Nitapokea kesho. Leo navuta. Sheria ilisema mwenye zamu asinyanyuke. Ilisema kitu kuhusu mkono wa kushoto ni wa nani?"

Mama Lesieli alifikiri. "Haikusema," akakiri.

Sisilia alilishika gome akalivuta kwa nguvu zote, likaja mbio, likajikunja, uji ukamrukia kifuani.

"Taratibu, mama!" Mama Lesieli alifoka, mazoea yakamshinda. "Unavuta gome au unavuta ng'ombe? Nyoosha! Hujawahi kuona ubao maishani?"

Watu waliziba midomo. Hakuna aliyewahi kumkaripia Sisilia. Sisilia mwenyewe alishangaa, uji unamtiririka shingoni.

"Kuona nimeona," alisema. "Kutoka kitini."

Kicheko kilipasuka mpaka mbwa wakakimbia. Luseane alicheka akajishika ubavu, akaumia kwa kucheka, akacheka tena. Goti lake likarudi mkekani.

Mama Lesieli aliangalia mapacha wale wasiolingana, mmoja kulia, mmoja kushoto, wamebanana kichwani mwa ubao. "Wimbo, jamani! Mnangoja wakwe washuke kwenye ndege?"

Wimbo ukaanza, sauti ya kwanza, ya pili. Sisilia alivuta, safari hii taratibu. Pale alipokuwa amelikunja palibaki alama nyekundu kama ukucha, na hakuna aliyetaka kuifuta.

"Bado linauma?" alimuuliza Luseane sikioni.

"Linauma."

"Sana?"

"Sana." Luseane alinyoosha mkono wa kulia kwenye ndoo. "Vuta, wifi. Mtoto anaolewa kesho."